SIGARA ZA ELEKTRONIKI NA VIJANA WASIOPATA KUVUTA TUMBAKU
Maelezo kwa Wazazi, Walezi, Walimu na Wananchi kwa Jumla

Wananchi wote, na khasa wazazi, walezi, na walimu wa skuli na madrasa, wanafahamishwa kwamba maelezo yafuatayo yametayarishwa kwa madhumuni ya kukifafanua kifaa kinachojulikana kwa jina la sigara ya elektroniki, ambacho vijana wengi hukiita "vepu", na athari zake kwa mtoto ambaye katika maisha yake hajapata kuvuta sigara ya kawaida.

Jambo hili limeonekana lina haja ya kuelezwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kifaa chenyewe ni kigeni kwa watu wazima walio wengi, na mzazi hawezi kumkinga mwanawe na kitu asichokijua hata sura yake. Ya pili, yako maneno yanayozungumzwa kwamba kifaa hicho hakina madhara, au kwamba ni afadhali kuliko sigara. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli kwa mtu mzima ambaye tayari ni mvutaji. Lakini yakihamishiwa kwa mtoto asiyevuta chochote, ukweli huo hugeuka upotofu. Tofauti baina ya watu wawili hawa ndiyo shina la maelezo haya.

Sigara ya elektroniki ni kitu gani?

Kifaa hiki kwa namna yake ya sasa kilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na alitafuta njia ya kuupatia mwili nikotini bila ya kuichoma tumbaku. Baina ya mwaka 2006 na 2007 kikaingia katika masoko ya Ulaya na Marekani. Asili yake, basi, ni jaribio la mtu mzima kujitoa katika mazoea yake mabaya. Hakikubuniwa kwa ajili ya mtoto asiyekuwa na mazoea hayo.

Umbo lake hubadilika kila mwaka, lakini ndani yake kuna vitu vitatu: betri, waya mwembamba unaopata moto kwa nguvu ya betri hiyo, na maji maalumu yaliyomo katika kichupa kidogo au yaliyoloweshwa katika pamba. Mtumiaji anapovuta pumzi, waya hupata moto, maji hugeuka ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni. Hapana kiberiti, hapana majivu, na harufu yake hupotea kwa muda mchache. Vipo vyenye umbo la kalamu, vyenye umbo la flashi ya kompyuta, na vyenye umbo la kisanduku cha rangi za kupendeza kinachoenea katika kiganja cha mkono. Vingine hujazwa tena maji yanapokwisha, na vingine hutumiwa mpaka vikaisha kisha vikatupwa.

Watu wengi hudhani kwamba ukungu ule ni mvuke wa maji, kama unaotoka katika birika la chai. Sivyo. Ni matone madogo mno ya propilini glaikoli na gliserini, yaliyochanganyika na viungo vya kutia ladha na, katika vifaa vilivyo vingi, nikotini. Wachunguzi wamekuta pia, katika ukungu wa baadhi ya vifaa, chembe za madini kama vile nikeli, kromiamu na risasi zinazotoka katika waya na viungio vyake, na wamekuta kemikali ya fomaldihaidi pale waya unapopata moto kupita kiasi.

Husemwa kwamba gliserini na ladha hizo hutiwa hata katika vyakula, na kwa hivyo hazina neno. Hoja hii haisimami. Mafuta ya nazi ni chakula chetu cha kila siku, lakini hapana mwenye akili atakayekubali kuyavuta yaingie mapafuni mwake. Tumbo lina kazi yake na pafu lina kazi yake, na kitu kuwa salama kuliwa si ushahidi wa kuwa ni salama kuvutwa.

Walinzi waliokuwa wakimzuia mtoto

Ni vyema kufahamu kwa nini kifaa hiki kimeweza kuwafikia vijana ambao sigara ya kawaida haikuwafikia.

Tumbaku, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa ikifuatana na walinzi watatu waliomzuia mtoto. Wa kwanza ni ukali: kijana aliyejaribu sigara yake ya kwanza nyuma ya ukuta wa skuli alikohoa, akatokwa na machozi na kichwa kikamzunguka. Wa pili ni ladha mbaya iliyobaki mdomoni. Wa tatu ni harufu: nguo na nywele zilinuka, na mama alijua kabla hata hajauliza. Kwa walinzi watatu hawa, wengi waliishia katika sigara ya kwanza wasirudie tena.

Katika sigara ya elektroniki walinzi wote watatu wameondolewa. Nikotini katika hali yake ya kawaida huwasha koo. Watengenezaji wakaichanganya na asidi, kama vile asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini, ambayo hupita kooni kwa ulaini hata ikiwa ni nyingi. Ladha mbaya ikabadilishwa kwa ladha ya embe, tikiti maji, mnanaa na peremende. Harufu ya moshi ikaondoka, ikabaki harufu tamu inayofanana na ya matunda au manukato.

Ama wingi wa nikotini yenyewe, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 iliweka mpaka wa miligramu 20 katika kila mililita moja ya maji hayo. Katika Marekani, ambako mpaka huo haukuwapo, kifaa kiitwacho Juul kilianza kuuzwa mwaka 2015 kikiwa na kiasi kinachokaribia miligramu 59 katika mililita moja, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba kichupa chake kimoja kilikuwa na nikotini inayokadiriwa kuwa sawa na ya pakti moja ya sigara 20. Mtoto aliyeshindwa kuimaliza sigara moja kwa kukohoa akaweza kuvuta nikotini ya pakti nzima pasi na kukohoa hata mara moja.

Nikotini katika ubongo wa kijana

Nikotini ni kemikali iliyomo katika jani la tumbaku, na jina lake limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyeipeleka tumbaku katika nchi yake kiasi cha mwaka 1560. Haimleweshi mtu akapepesuka, na kwa hivyo wengi huidharau. Nguvu yake iko katika kumtawala mtu.

Inapovutwa, huchukua sekunde chache tu kufika katika ubongo, ikaamsha kemikali iitwayo dopamini, ambayo humpa mtu hisia ya raha. Ikirudiwa mara kwa mara, ubongo hujirekebisha kwa kuongeza vipokezi vya nikotini, na vipokezi hivyo vinapokosa kilichozoeleka hudai. Hapo mtu huwa mkali, hatulii, hawezi kulikusanya fikra zake na usingizi wake huharibika. Akivuta tena, dhiki huondoka kwa muda.

Vijana wengi husema kwamba kifaa hiki huwatuliza mawazo. Kwa hakika hali yao ni ya mtu aliyevaa kiatu kinachombana: anapokivua huona raha kubwa, lakini raha hiyo haikuletwa na kiatu, bali kiatu ndicho kilicholeta maumivu. Kijana aliyekuwa ametulia kwa maumbile yake, bila ya kuhitaji kitu chochote, sasa hupata utulivu wake kwa vipande vipande, na kila kipande hukinunua.

Ubongo wa binadamu huendelea kukamilika mpaka umri unaokaribia miaka 25. Sehemu za mwisho kukamilika ni zile za kupima mambo, kujizuia na kuzingatia. Kwa sababu hiyo, Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2016 ilieleza kwamba nikotini katika umri wa ujana huweza kuathiri uwezo wa kujifunza, kuzingatia, kujizuia na hali ya moyo, na kwamba kijana hutawaliwa nayo kwa wepesi kuliko mtu mzima. Mwanafunzi wa darasa la mitihani anayetoka kwenda msalani kila baada ya kipindi kimoja, na ambaye katika somo la hisabati fikra zake ziko katika kifaa kilichomo mfukoni, amekwishapata hasara hata kama mapafu yake bado ni mazima.

Yaliyotokea Marekani

Nchi iliyopimwa jambo hili kwa urefu kuliko nyingi ni Marekani, ambako kila mwaka wanafunzi huulizwa kuhusu matumizi yao ya tumbaku na vifaa vya namna hii. Mwaka 2011, wanafunzi wa sekondari ya juu waliosema kwamba walitumia sigara ya elektroniki angalau mara moja katika siku 30 zilizopita walikuwa asilimia 1.5. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 11.7, mwaka 2018 wakawa asilimia 20.8, na mwaka 2019 wakafika asilimia 27.5, yaani zaidi ya mwanafunzi mmoja katika kila wanne. Disemba 2018, Daktari Mkuu wa Serikali ya nchi hiyo alilitangaza jambo hili kuwa ni mripuko wa kitaifa miongoni mwa vijana.

Hatua zilizofuata zinafaa kuzingatiwa. Disemba 2019 umri wa kuuziwa bidhaa za tumbaku na sigara za elektroniki ulipandishwa nchini kote kuwa miaka 21. Mwanzoni mwa mwaka 2020 vichupa vya kubadilisha vyenye ladha za matunda na peremende viliwekewa kizuizi. Vijana wengi wakahamia katika vile vya kutumia na kutupa, ambavyo kizuizi hicho hakikuvigusa. Kampuni ya Juul ilikubali mnamo Septemba 2022 kulipa dola milioni 438.5 ili kumaliza uchunguzi wa majimbo zaidi ya 30 kuhusu namna ilivyotangaza na kuuza bidhaa zake kwa vijana. Kwa jumla ya juhudi za sheria, skuli na wazazi, asilimia ya wanafunzi wa sekondari ya juu wanaotumia ilishuka mpaka 7.8 mwaka 2024. Hata hivyo, miongoni mwa wanafunzi wote waliokuwa wakitumia mwaka huo, asilimia 87.6 walitumia vyenye ladha. Mafunzo ni mawili: kwamba janga hili huzuilika, na kwamba ladha ndiyo chambo.

Je, huelekeza katika sigara?

Suali linaloulizwa mara nyingi ni iwapo mtoto asiyevuta, akianza na kifaa hiki, ataishia katika sigara yenyewe.

Mwaka 2013, wachunguzi waliwafuatilia wanafunzi 2,530 wa umri wa kiasi cha miaka 14 katika skuli 10 za serikali za Los Angeles, ambao wote hawajapata kuvuta tumbaku ya kuchomwa. Miongoni mwao, 222 walikuwa wamekwishajaribu sigara ya elektroniki. Baada ya miezi sita tu, asilimia 30.7 ya hao 222 walikuwa wamevuta tumbaku ya kuchomwa, ama sigara, ama sigaa, ama shisha; wakati miongoni mwa wenzao ambao hawakuijaribu sigara ya elektroniki waliofanya hivyo walikuwa asilimia 8.1. Mwaka 2017 wataalamu wengine walikusanya pamoja chunguzi tisa za namna hiyo, zenye vijana 17,389, na hesabu ikafanana: asilimia 30.4 kwa upande mmoja na asilimia 7.9 kwa upande wa pili.

Kwa haki, hapana budi kueleza kwamba takwimu hizi peke yake hazithibitishi kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine, kwani huenda kijana mwenye tabia ya kujaribu mambo angelijaribu vyote viwili kwa vyovyote. Aidha, katika miaka hiyo hiyo uvutaji wa sigara miongoni mwa wanafunzi wa sekondari ya juu wa Marekani uliendelea kushuka, kutoka asilimia 15.8 mwaka 2011 mpaka asilimia 1.7 mwaka 2024. Lakini jopo la Akademia za Kitaifa za Sayansi za nchi hiyo, baada ya kupima hoja za pande zote, lilihitimisha mwaka 2018 kwamba upo ushahidi mkubwa wa kuwa kifaa hiki huongeza hatari ya kijana kuijaribu sigara.

Mzazi hahitaji kusubiri mjadala huo umalizike. Hata kama mtoto hatoigusa sigara maisha yake yote, amekwishatoka katika hali ya mtu asiyehitaji kitu akaingia katika hali ya mtu anayetawaliwa na kitu. Hilo peke yake ni madhara.

Hoja ya "afadhali kuliko sigara"

Sigara ya kawaida huchoma jani, na moshi wake una maelfu ya kemikali ambazo baadhi yake zinajulikana kwa kuleta saratani. Anayeiacha kabisa na kushika sigara ya elektroniki hupunguza sehemu kubwa ya sumu inayomwingia. Aidha, mapitio ya kitaalamu yamethibitisha kwamba vifaa hivi vyenye nikotini vimewasaidia baadhi ya watu wazima kuacha sigara. Haya ni kweli na si vyema kuyaficha.

Lakini neno "afadhali" halina maana mpaka kwanza lijulikane linalinganisha kitu gani na kitu gani. Mtu mzima mwenye miaka 20 ya kuvuta hulinganisha ukungu na moshi. Mtoto wa miaka 14 asiyevuta hulinganisha ukungu na hewa safi aliyoumbiwa. Gongo la kutembelea ni afadhali kwa aliyevunjika mguu, lakini hapana mzazi atakayemvunja mwanawe mguu ili apate kutumia gongo. Kwa mtoto asiyevuta, kifaa hiki hakimpunguzii chochote, humwongezea tu.

Hatari nyingine za kuangaliwa

Kuanzia mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa mkali wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa vifaa hivi. Mpaka tarehe 18 Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitali au kufariki, na miongoni mwao 68 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa ni mafuta ya vitamini E asitati yaliyotiwa katika maji yenye kilevi cha bangi, ambayo mengi yalipatikana kwa njia zisizo rasmi. Ni sahihi kusema kwamba tukio lile halikutokana na kila sigara ya elektroniki. Na ni sahihi vile vile kusema kwamba kijana anayepokea kifaa kutoka kwa rafiki hana njia ya kujua kilichomo ndani yake.

Fauka ya hayo, maji ya nikotini ni sumu yakinywewa, na harufu yake ya matunda huwavuta watoto wadogo. Mwaka 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York kwa sababu hiyo. Mtoto aliyeyanywa maji hayo asitapishwe kwa lazima. Apelekwe mara moja katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na kichupa kilichobaki kichukuliwe ili kionyeshwe kwa daktari.

Msimamo wa nchi mbali mbali

Disemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka kuwakinga watoto. Kwa mujibu wa shirika hilo, wakati huo nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi, nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kuuziwa, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote. India ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2019. Singapore, tangu mwaka 2018, imefanya hata kukimiliki kuwa ni kosa. Uingereza, ambayo huviruhusu kwa watu wazima, ilikataza uuzaji wa vile vya kutumia mara moja na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025.

Katika nchi za Ghuba, ambako wananchi wengi wana jamaa zao, hali si moja: Umoja wa Falme za Kiarabu uliruhusu uuzaji wake kwa masharti mwaka 2019, lakini Oman imeipiga marufuku biashara hiyo. Wasafiri, kwa hivyo, wanakumbushwa wasichukue kitu cha namna hii kwa kudhani kwamba kilichouzwa kwa halali katika mji mmoja kitakuwa halali katika mji wa pili; na zaidi wasikilete nyumbani kama zawadi kwa kijana.

Tanzania imo katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tangu mwaka 2007. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2003, mwaka ule ule kifaa hiki kilipobuniwa, wakati wajumbe wake hawakuweza kukitarajia. Kisiwa chenye bandari, uwanja wa ndege na wageni wa kila taifa hakiwezi kutegemea kwamba kitu kilichoenea duniani hakitafika kwake. Ulinzi wa kwanza, kwa hivyo, ni ujuzi wa watu wenyewe.

Yanayotakiwa kufanywa

Wazazi na walezi wanashauriwa kuzitambua dalili zifuatazo: harufu tamu ya matunda katika chumba au nguo bila ya kuwapo matunda, vichupa vidogo, vijaluba vya plastiki au vifaa vya kuchajia visivyo vya simu, kukauka mdomo na kiu ya mara kwa mara, kutoka nje kila baada ya muda mfupi, na ukali usio na sababu. Hapana hata moja kati ya hizi ambayo peke yake ni ushahidi, na si uadilifu kumtuhumu mtoto kwa kiu. Zikikusanyika, ni wakati wa kuzungumza naye.

Mazungumzo hayo yafanyike faraghani, kwa utulivu. Mama aliyekikuta kifaa katika mkoba wa skuli, akaanza kwa kumwuliza mwanawe ni kitu gani, amekipata wapi na tangu lini, atapata habari zaidi kuliko aliyeanza kwa fimbo mbele ya majirani. Mtoto aliyefedheheshwa haachi, hujificha zaidi. Baba ambaye mwenyewe anavuta sigara asione kwamba hana haki ya kusema. Aseme kwa uwazi kwamba alianza akiwa kijana, kwamba amejaribu kuacha na jinsi alivyoona uzito. Hapana waadhi ulio na nguvu kuliko huo.

Walimu wanaombwa kulieleza jambo hili katika masomo ya sayansi na afya, na kulichukulia kosa la mara ya kwanza kuwa ni fursa ya kumsaidia mwanafunzi kabla ya kuwa ni sababu ya kumfukuza. Kwani mtoto aliyetolewa skuli huenda akaangukia katika mikono ya yule yule aliyempa kifaa. Wenye maduka wanaombwa wasimuuzie mtoto kitu hiki kwa hali yoyote, hata akisema kwamba ametumwa na mkubwa wake.

Ama kijana ambaye amekwishaanza, na ajue kwamba kuacha kunawezekana. Dhiki ya kuacha huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo, kisha hupungua kwa kiasi cha wiki mbili mpaka nne. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2024 uliwahusisha vijana 1,503 wa umri wa miaka 13 mpaka 17 waliokuwa wakitumia kifaa hiki. Nusu yao walipelekewa ujumbe wa simu wa kuwatia moyo na kuwafundisha mbinu za kuacha. Baada ya miezi saba, asilimia 37.8 ya waliopelekewa ujumbe walikuwa hawatumii, ukilinganisha na asilimia 28.0 ya wenzao. Dawa hiyo haikuwa ya sindano wala ya vidonge, bali ilikuwa ni maneno mema yanayofika kwa wakati. Shangazi, mwalimu, kaka mkubwa au rafiki wa kweli anaweza kuyatuma maneno kama hayo kwa simu yake mwenyewe kila asubuhi. Kijana anayeona uzito zaidi afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye, peke yake au pamoja na mzazi, aeleze bila ya kuficha anachokitumia na mara ngapi kwa siku.

Kwa mintarafu hiyo, wananchi wanaombwa kuyasoma maelezo haya na kuwasomea wasiojua kusoma, na kuyazungumza majumbani, barazani na baada ya vikao vya shehia. Sigara ilichukua miaka mingi kabla ya dunia kukubaliana juu ya ubaya wake, na katika muda huo watu wengi walipotea. Kifaa hiki bado ni kipya, na watoto walio wengi bado hawajakigusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, kwa wakati huu, bado unazibika kwa mazungumzo baina ya mzazi na mwanawe.